Mchumba anataka tukale Krismasi kwetu Makambako, nami nawaonea aibu watu wa kwetu

Shikamoo Bi Mkubwa,

Mimi ni binti wa miaka 29, mhasibu hapa Dar es Salaam, kwetu ni Makambako, mkoa wa Njombe. Nina mchumba, ingawa uchumba wenyewe bado ni wa maneno. Hatujafika kwenye barua wala mshenga. Ni Mchaga wa Marangu, anafanya kazi benki, mtu mpole. Kwao nimeshafika. Ni watu wanaoongea kwa zamu, televisheni iko sauti ya chini, na mama yake anakuuliza kwanza, "Nikuongeze, mwanangu?" ndipo anakuongeza.

Mwaka huu, kwa hiari yake, ameamua Desemba haendi Moshi. Anataka kuja kwetu. Wewe unamjua Mchaga na Desemba, Bi Mkubwa. Mama yake amekubali kwa shingo upande, na ndugu zake wameanza kumtania kwamba amerogwa na Wabena, kabila letu. Mimi badala ya kufurahi nimekosa usingizi.

Tatizo ni watu wa kwetu. Si wabaya hata kidogo. Ila wana mambo yao.

Nianze na baba. Ni mstaafu wa reli, alikuwa mkuu wa kituo. Amestaafu yeye, kituo hakijastaafu. Kwenye mparachichi mbele ya nyumba amening'iniza kipande cha reli, na saa 11 alfajiri anakigonga kwa nati kubwa mpaka mbwa wa jirani wanalia. Saa 1 uji, saa 7 ugali, saa 3 usiku taa zote. Ukichelewa, baba hakwambii kwamba chakula kimeisha, anakwambia kimeondoka. Mlangoni kuna kimeza chenye daftari la kaunta, kurasa zimepigwa mistari kwa rula: Jina, Atokako, Saa ya Kufika, Mzigo, Saa ya Kuondoka, Sahihi. Kila anayeingia anasaini, awe padri, awe balozi wa nyumba kumi. Shemeji yangu aliyemuoa dada alikuja mara ya kwanza kutoka Songea mikono mitupu, baba akaandika kwa wino mwekundu, "Mzigo: HAKUNA." Ukurasa ule upo mpaka leo, na mgeni mpya akija lazima baba aupitie taratibu wakati anatafuta ukurasa mtupu.

Tarehe 26 kunakuwa na kikao. Baba anavaa kofia yake ya kazini, anasimama, anasoma taarifa ya mwaka ya familia. Nani alituma hela ya mbolea, nani aliahidi akapotea, nani hakupiga simu tangu Pasaka. Majirani wanaokuja kunywa chai nao wanasikiliza. Kuna mwaka nilisomwa hivi: "Mtoto wa tatu, mtihani wa uhasibu haukufaulu, atarudia Mei." Nilirudia na nikafaulu. Desemba iliyofuata hakulisoma hilo. Nilipomuuliza akasema kilichokwenda kama kilivyopangwa hakiripotiwi.

Halafu kuna mama na shangazi. Shangazi ni dada yake baba, alirudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe. Wanaishi ua mmoja na mama, wanapika moto mmoja, na hawajasemeshana tangu nikiwa kidato cha pili. Chanzo ni sufuria kubwa ya mama iliyokwenda msibani na shangazi ikarudi bila mfuniko. Wanatumia wanyama. Shangazi ana mbwa anaitwa Wanajisumbua. Mama ana paka anaitwa Mungu Anaona. Asubuhi mama anamwambia paka, "Mwambie mwenzio chumvi imeisha." Shangazi yuko hapo hapo anachambua maharage, anamwambia mbwa, "Tumesikia." Na chumvi inanunuliwa! Sisi tumezoea, lakini mgeni aliyekaa katikati yao na sahani yake atajuaje kwamba si yeye anayesemwa?

Bibi anajifanya hasikii. Anasikia vyote. Mwanaume yeyote akivuka kizingiti anaitwa "mkwe" na anadaiwa blanketi. Ameshamdai fundi wa king'amuzi, na fundi alileta.

Baba mdogo ndiye anatuchekesha wote. Anatafuta rupia, zile sarafu za Mjerumani, eti zimezikwa uani kwetu. Kwetu usiku hutembei bila tochi, maana ua mzima ni mashimo, na kila mwaka anapata mtaalamu mpya. Wa mwaka jana alikuja na kifaa kinacholia. Kikalia karibu na mlango wa choo, wakachimba siku nzima, wakatoa ringi ya baiskeli. Ameshauza miti yake yote ya misindano kuwalipa wataalamu, na sasa anamwambia baba wauze na kile kipande cha vinyungu, bustani zetu za bondeni, kwa sababu huyu wa sasa amesema rupia zipo ila zinataka dawa ya kuzitoa. Mtaani wanamwita Gavana. Basi tunacheka tu.

Sasa mwenzangu nilishamwambia kwetu ni familia ya mtumishi mstaafu, watu wa kimya. Nilisema hivyo siku za mwanzo, nikaendelea. Nimewaza njia mbili. Moja, nimwambie mama anaumwa, safari tuisogeze mpaka Pasaka. Mbili, tufikie hoteli Iringa mjini, niwaite baba na mama peke yao waje tule nao chakula cha mchana, kisha warudi na basi la jioni.

Nisaidie, Bi Mkubwa. Nimpeleke au nisimpeleke? Na kama ni kumpeleka, nawaambiaje watu wa kwetu wajizuie kwa siku tatu tu?

Binti wa Mkuu wa Kituo,
Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikicheka mpaka nilipofika kwa baba yako mdogo. Hapo kicheko kilikata. Tutarudi kwake, na tutakaa naye kuliko unavyotarajia.

Kwanza hili la kumsingizia mama ugonjwa litoe kichwani leo. Huko ni kumchulia mzazi. Na hata tukiacha uchuro, hesabu yako yenyewe haikubali, mhasibu mzima: kijana mpole, ana kazi, amesikia mama mkwe mtarajiwa anaumwa. Atafanya nini? Ataomba namba ya simu ampe pole, atatuma hela ya dawa, na wiki inayofuata atauliza vipimo vimesemaje. Utakuwa unamuuguza mama kwa simu mpaka Pasaka. Hoteli ya Iringa nayo ni uongo ule ule, tofauti ni kwamba huu una bili. Tena hoteli zina daftari la wageni pale mapokezi. Unataka baba yako alikague?

Mpeleke. Ila kuna namna ya kumpeleka, na hapo ndipo naona umeruka hatua kwa sababu umeshughulika na aibu ukasahau utaratibu.

Kijana hajajitambulisha. Mtu ambaye hajajitambulisha haji kulala ukweni siku tatu, hata kama siku hizi wapo wanaofanya hivyo na dunia haijaanguka. Aje na mtu mzima wake mmoja, kaka au rafiki mwenye busara, wafikie gesti. Makambako ni njia panda ya Songea na Mbeya, madereva wa malori wanalala hapo kila siku, kwa hiyo vyumba havikosekani, ila sikukuu wawahi. Waje nyumbani mchana, wale, wasalimie, warudi kulala kwao. Kwa mpango huo kengele ya saa 11 alfajiri imeshapungua makali, na baba yako anapata kitu anachokipenda kuliko vyote: mgeni mwenye saa ya kufika na saa ya kuondoka.

Na habari hizi hazianzi kwa baba wala kwa mama. Zinaanza kwa shangazi. Umemwandika kama kituko cha pili kwenye orodha yako, kumbe kwenye jambo hili ndiye mlango. Binti akipata mtu humwambia shangazi yake, shangazi ndiye anajua amwambie nani, lini, na kwa sauti gani. Ukimruka, huyo ndiye atakayekuwa na kinyongo cha kweli, na mbwa hatamsaidia.

Halafu mwambie kijana mwenyewe. Yote. Mwambie hata la HAKUNA kwa wino mwekundu. Barua yako hii, ukiacha pale mwisho unapoomba msaada, ni simulizi ya mtu anayewapenda watu wake na anayewajua mmoja mmoja kwa sauti zao. Msimulie hivyo hivyo, ila acha kuomba radhi kati ya sentensi na sentensi, maana hakuna mtu aliyemkosea. La "watu wa kimya" utalimaliza kwa maneno machache: nilikuwa na aibu, sasa nakwambia kama ilivyo. Akicheka, cheka naye. Akinyamaza, muulize anawaza nini.

Unaogopa atalinganisha na Marangu. Mwanangu, Marangu ulikwenda kama mgeni. Ile televisheni ilipunguzwa sauti kwa ajili yako. Hukukaa hapo mpaka tarehe 27 Desemba, wageni wameondoka, mbege, pombe yao ya ndizi, imebaki, na kaka wakubwa wameanza kuulizana mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, unapita wapi. Kwao nako wapo. Yeye anawajua, na huenda naye aliwaomba wajizuie siku uliyokwenda. Na kijana wa Kichaga aliyeiacha barabara ya Moshi mwezi huo, wakati wenzake wote wanafunga safari, ameshalipa nauli kubwa kuliko ya basi. Huyo huna haja ya kumfungia watu wako kwenye karatasi ya zawadi.

Sasa baba. Nitamtetea, na sababu ninayo.

Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, na kile kipande cha kutoka Mlimba kupanda Makambako ndicho kiliwatesa wajenzi kuliko vyote, milima, mahandaki na madaraja. Ni njia moja. Treni inayopanda na inayoshuka zinapishana kwenye vituo tu, na mkuu wa kituo haachii treni itoke mpaka awe na hakika kwamba njia iliyo mbele iko wazi. Kitu kisichoandikwa, au kilichoandikwa kwa saa isiyo sahihi, kinaweza kuua watu. Mtu ameishi utu uzima wake wote hivyo: nani ameingia, saa ngapi, amebeba nini, ametoka saa ngapi. Halafu siku moja anapewa mkono wa kwaheri na kuambiwa akapumzike. Wengine wakifika hapo huingia kilabuni kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, asubuhi na kutoka usiku. Baba yako alinunua daftari. Mimi naona mlipata nafuu.

Kwa hiyo usimwombe ajizuie. Mpe kazi. Mwandikie barua, ya karatasi, mwezi mmoja kabla, umwambie kuna wageni wawili, majina yao, watokako, tarehe na saa wanayotegemea kufika. Utaona. Atapanga mapokezi kuliko ya mkuu wa mkoa. Ikiwezekana, na ratiba ikiruhusu, kijana apande treni. Mkwe aliyeshuka Makambako na tiketi ya reli mfukoni, aliyepita Mlimba na kuyahesabu mahandaki, ana mada ya kuzungumza na baba yako mpaka saa 3 taa zinapozimwa. Ikishindikana, basi si dhambi. Ila mwambie abebe sweta. Watu wa Dar wanadhani Desemba ni joto nchi nzima, wakishuka kwenye ule upepo wa Makambako na mvua yake wanatafuta mtumba usiku usiku.

Kuhusu taarifa ya tarehe 26, huwezi kuizuia, lakini unaweza kuichangia. Andika sehemu yako mwenyewe, ukurasa mmoja, umpelekee mapema. Kazi inaendeleaje, hela ya mbolea umetuma kiasi gani, mtihani ulifaulu lini. Ukitaka, ombi kwamba habari za mgeni zisisomwe mbele ya majirani mpaka barua ya posa ifike. Mtu wa reli maandishi anayaheshimu. Ya mdomo ndiyo anayoyasahihisha.

Mizigo nayo tuiseme, maana najua safu ile ya daftari ndiyo inakukosesha usingizi. Blanketi la bibi, zuri, zito, aliingize mwenyewe kwa mikono miwili kabla hajadaiwa. Bibi kumdai mkwe blanketi lake ni jambo la mila, kosa lake ni kuwahi tu. Sukari, chumvi, majani ya chai, sabuni za mche. Kwa mama na shangazi, tafadhali sana, asinunue khanga. Khanga ina maneno, na kwenye ua ule maneno yoyote yatakuwa yamemlenga mtu. Akimpa mama "Mgeni njoo mwenyeji apone" shangazi atauliza nani alikuwa mgonjwa. Anunue vitenge, rangi moja, ua moja, urefu mmoja, avitoe kwa wakati mmoja wakiwa wote wawili wamekaa.

Na kama ni mnywaji, umwonye kuhusu ulanzi. Desemba mvua zikikolea ndipo mianzi inaanza kutoa. Ule wa asubuhi ni mtamu kama juisi na utamfanya ajione bingwa. Wa jioni ni kinywaji kingine kabisa. Mbege haijamfundisha hilo.

Ugomvi wa sufuria uache. Najua ungependa uchumba wako uwapatanishe, ingependeza kusimulia ukumbini. Usiwabebeshe. Wanawake wawili wanaochangia moto mmoja tangu uko kidato cha pili, mmoja akisema chumvi imeisha mwingine anainunua, hao wana maelewano ambayo baadhi ya ndoa hazina. Kijana muwekee sawa mapema: mbwa akiambiwa kitu, si wewe. Atashika mlo wa pili. Na usinunue mfuniko. Najua umewahi kuliwaza hilo.

Haya. Baba mdogo.

Mwanangu, umeandika aya nzima nzima za aibu kuhusu daftari, kofia, paka na blanketi, vitu ambavyo havijamnyang'anya mtu hata shilingi. Kisha ukaandika kwamba mtu ameuza misindano yake yote, anataka na ardhi iuzwe, ukamalizia "basi tunacheka tu." Hukusema baba alijibu nini. Hukusema shamba ni la nani. Hapa ndipo ningetaka ukose usingizi.

Misindano unaijua. Mtu anaotesha mche leo akitegemea kuvuna baada ya miaka mingi. Kwa watu wa Njombe na Mufindi ile ndiyo benki, ndiyo ada ya mtoto, ndiyo bati la nyumba. Imekwenda. Vinyungu ni zaidi ya hapo. Mashamba ya juu yanangoja mvua za mwisho wa mwaka na mahindi yake yanakauka katikati ya mwaka unaofuata; bonde ndilo linalolimwa kiangazi kwa unyevu wake, likatoa mboga, viazi, maharage na mahindi mabichi wakati ghala limeanza kuonyesha sakafu. Bibi yako anakula kutoka pale. Wanaomwita Gavana wanacheka kwa raha kwa sababu vinyungu si vyao.

Rupia zenyewe zilikuwepo, sikatai. Mjerumani alitumia rupia nchi hii, na mwaka 1916, vita imembana, alipiga za dhahabu pale Tabora. Wazee wetu walizishika, na wengine bado wana sarafu moja mbili za shaba kwenye kibati cha dawa. Lakini zile za shaba zilitengenezwa kwa mamilioni. Na jeshi lililokuwa linakimbia Waingereza walioingia Iringa Agosti 1916 halikuwa na sababu ya kusimama kwenye ua wenu, karibu na choo, lizike hazina. Wanaoishi kwa rupia leo ni wataalamu. Mwenendo wao ni mmoja kila mahali. Kwanza kifaa kinalia. Kisha inahitajika dawa. Dawa ikishindwa, kuna mtu wa familia ana roho mbaya anaizuia, na mara nyingi ni mwanamke mzee au mjane. Angalia ua wenu una nani. Wakifika hatua hiyo, hasara haitakuwa ya shamba peke yake.

Fanya hivi kabla ya Krismasi, si siku yenyewe, na wala usilizungumze mbele ya mchumba. Mpigie baba umuulize moja kwa moja: ameweka sahihi popote? Kama bado, mwombe asiweke, na mwombe aliingize shamba kwenye daftari. Sitanii. Ukubwa, mipaka, majirani wa kila upande, nani analima kipande gani, nani alirithi kwa nani. Ana mwandiko na ana subira. Kisha waende kwa mtendaji wa kijiji. Kama eneo liko kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haimruhusu mtu kuihamisha ardhi kimya kimya kwa mnunuzi. Halmashauri ya kijiji lazima iidhinishe. Kijiji hicho hicho kinaweza kuwapa hati ya hakimiliki ya kimila, majina ya wahusika yakiwa humo. Sheria hiyo inamtambua mwanamke kuwa na haki ya ardhi sawa na mwanamume, kwa hiyo bibi na shangazi hawahesabiwi kama wapangaji. Kama liko ndani ya mipaka ya mji, mlango ni wa afisa ardhi wa halmashauri ya mji.

Na baba yako mdogo naye ni mtu. Alipoanza kuchimba alikuwa anatafuta nini ambacho alikikosa? Wewe ni mhasibu: kaa naye siku moja, bila kicheko, muandike pamoja alicholipa tangu mtaalamu wa kwanza, jina kwa jina, na alichopata. Usimkaripie, jumla itafanya kazi hiyo. Huenda asikubali mwaka huu. Mtu aliyeuza misindano yake kwa ndoto hawezi kuiacha ndoto bila kukiri kwamba misindano ilikwenda bure, na hilo ni zito kumeza mbele ya kaka mkubwa mwenye kalamu nyekundu. Mwombe baba hilo lisisomwe tarehe 26. Shamba lizungumzwe chumbani, watu wazima peke yao. Na yale mashimo yafukieni, angalau ya njiani, kabla mgeni hajavunjika mguu.

Leo hii mwambie kijana. Kesho jioni, saa 1 ikishapita na moto umepungua, mpigie shangazi. Uwe na majibu tayari: jina la kijana, ukoo wake, kwao ni wapi, dini gani, kazi gani, wazazi wote wapo. Atakuahidi kwamba hatamwambia mtu. Ukikata simu, mpigie mama papo hapo umwambie mwenyewe, asije akalisikia kwanza kwa Wanajisumbua.

Bi Mkubwa